Toleo la Mwisho la Tusekile

1

Mama Tusekile aliingia ofisini kwangu Mwanjelwa ameshika kisemeo ndani ya mfuko wa sokoni, kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili, kama mtu anayekuja kurudisha samaki waliooza. Nyuma yake alikuja binti kwenye kiti cha magurudumu. Aligonga fremu ya mlango, akarudi nyuma, akanyoosha, akapita. Mama yake alitaka kumsaidia, akasukumwa mkono.

Shingoni mwa binti kulikuwa na alama nyeupe ya mkanda, pale kinapokaa kisemeo, chombo cha kumsemea asiyeweza kutamka. Alama ile haipatikani kwa mwezi mmoja. Alikuwa amekivaa miaka.

"Karibuni. Nani ana shida?"

"Huyu," alisema mama. "Amefutika."

"Hajafutika, namwona. Anaitwa nani?"

"Tusekile. Ana miaka kumi na sita."

Nilimgeukia mwenyewe. "Tusekile, mimi naitwa Mama Mbonea. Shikamoo yako nimeshaipokea, usihangaike. Bila kisemeo unasemaje ndiyo?"

Aliinua nyusi.

"Na hapana?"

Akafumba macho, akayabana.

"Vizuri. Tutaelewana."

Mama yake alishangaa kidogo. Nadhani wote waliowahi kuwahudumia walikuwa wakizungumza na yeye, binti akiwa kando kama mzigo unaosubiri gari.

"Haya, ilikuwaje?"

Ilikuwa hivi. Wifi yake Mama Tusekile alikuwa na sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ukumbi mmoja kule Uyole. Wageni wamekaa, keki imeingizwa, spika za mshereheshaji zikafa. Fundi akazigusa, zikafa zaidi. Ndipo wifi akasimama katikati ya ukumbi akasema: si kuna ile ya Tuse? Visemeo vya siku hizi vina sauti kubwa, maana mwenye nacho lazima asikike hata sokoni.

"Ningekataaje?" aliniuliza. "Wifi yangu mwenyewe, mbele ya watu wa upande wa pili. Wangesema nimewanyima kwenye shughuli. Ungekuwa wewe ungekataa?"

"Endelea."

"Kijana wa muziki akasema nafasi haitoshi, nyimbo haziingii. Akapunguza vitu."

"Akapunguza sauti ya mwanao."

"Hakujua."

"Na Tusekile alikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Meza ya pili."

"Alisema nini?"

Mama Tusekile aliweka mfuko mezani. Kisha akasema polepole, "Angesemaje? Kilikuwa kwa mshereheshaji."

Tusekile aliinua nyusi, akaziacha juu.

2

Watu huja kwangu wakidhani nafanya uganga. Sifanyi. Ukifuta faili hujabomoa nyumba. Umeng'oa kibao cha namba mlangoni, na mashine sasa inahesabu kiwanja kuwa kitupu. Nyumba imesimama palepale mpaka mtu mwingine aje ajenge juu yake. Kazi yangu ni kuzunguka mtaa usio na vibao nikiuliza nani alikaa hapa.

Kijana wa muziki alikuwa amejenga. Nilipofungua kumbukumbu ya kisemeo nilikuta nyimbo za harusi zimekaa juu ya sauti ya Tusekile, huku moja, kule tatu. Kati ya nyimbo na nyimbo mabaki yalikuwepo, tena mengi, lakini yamekatika na kuchanganyika. Niliyanakili yote mara mbili kabla ya kugusa kitu kingine. Mtu asikudanganye: nakala kwanza, ufundi baadaye.

"Na ghalani?" aliuliza mama. "Si huwa vinajituma ghalani kila wiki?"

Ni kweli. Kila wiki kisemeo huhifadhi toleo jipya la sauti ya mwenye nacho na kulituma ghala la sauti la mkoa. Nilikuta matoleo ya Tusekile yamepangika vizuri tangu akiwa mtoto mdogo. Yaliishia alipokuwa na miaka kumi na miwili. Baada ya hapo, hakuna hata moja.

"Nani alifunga ghala?"

"Yeye. Alibadilisha namba ya siri. Alisema hataki watu wasikilize mambo yake."

Nilimtazama Tusekile. Nyusi juu, bila aibu yoyote.

"Ulikuwa na haki," nilimwambia, "lakini ulifanya nusu. Unafunga ghala, sawa. Halafu unaweka nakala yako mwenyewe kwenye kisahani kidogo, kwa ufunguo wako, nyumbani kwa mtu unayemwamini. Kufunga mlango si lazima uchome nyumba. Ukipona hapa nitakufundisha."

Mama yake hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameegemea meza, uso umechangamka kwa mara ya kwanza.

"Lile la miaka kumi na miwili ni zima?"

"Zima kabisa."

"Basi weka hilo. Leo."

Hapo ilibidi nivute kiti nikae, maana si jambo la kuambiana mtu amesimama.

Kisemeo hakisomi mawazo. Kinasoma misuli ya koo na pumzi, kinakamata mwanzo mdogo wa neno, halafu kinakisia mwisho wake kwa kufuata mazoea ya mwenyewe. Koo nalo linajifunza. Linajua likianza hivi, kisemeo kitamalizia vile, na linaacha kujisumbua na mengine. Mwaka hadi mwaka viwili hivi vinafuatana. Ndiyo maana huwezi kumvika mtu kisemeo cha jirani.

"Mabaki ninayo, hayapotei tena," nilimwambia. "Lakini vipande vimevurugika, na kinachojua mpangilio wake ni koo lake tu. Itabidi akae hapa akijaribu kusema, mashine ilinganishe kipande kimoja kimoja. Sharti liwe koo la leo. Nikimwekea toleo la zamani, koo litalifuata. Baada ya wiki chache litakuwa limerudi kule, na haya mabaki hayatakuwa na mwenyewe."

"Na tukijaribu haya mabaki?"

"Atakaa kimya muda wote huo. Wiki, labda zaidi. Na koo lisilosema linasahau. Tukishindwa, huenda hata lile la zamani lisishike tena. Sikufichi."

"Yaani akose yote mawili."

"Inawezekana."

"Basi mbona unaniuliza? Moja ni hakika, lingine ni bahati nasibu. Mimi ni mama yake. Weka la hakika." Akaongeza, kwa sauti ndogo zaidi, "Na yule alikuwa mtoto mzuri. Huyu wa sasa anataka kuhamia Dodoma akasome peke yake. Anabisha kila kitu. Unamwambia vaa sweta, anakuuliza kwa nini."

Nami nina binti, ana miaka kumi na mitano. Zipo siku ningempa mtu kiwanja anirudishie Mbonea wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa akinisimulia shule mpaka wali unaungua. Kwa hiyo sikumwona Mama Tusekile kuwa mtu mbaya. Hesabu yake ilikuwa sawa. Kama mtoto asiye na sauti angekuwa wangu, nami ningekimbilia iliyo karibu.

Lakini sheria ya sauti inasema toleo haliwekwi bila mwenye koo kukubali, hata kama ni mtoto, hata kama mzazi ameagiza. Na lazima akubali kwa sauti iliyosajiliwa. Waliotunga sheria walikuwa na nia njema. Kabla yake watu walikuwa wakiwekewa sauti zisizo zao na kuchukuliwa mikopo wasiyoijua.

Sauti pekee ya Tusekile iliyosajiliwa na iliyokuwa nzima ilikuwa ile ya miaka kumi na miwili.

3

Nilimpaka jeli shingoni, nikambandika vihisio, nikaunganisha toleo la zamani na spika ya mezani. Jaribio la dakika chache halidhuru koo. Nilimweleza yote hayo, akainua nyusi.

"Haya. Sema chochote."

Koo lilicheza. Spika ikatoa sauti nyembamba, safi, yenye adabu.

"Shikamooni."

Mama Tusekile alijiziba mdomo kwa upande wa kitenge. "Huyo," alisema. "Huyo ndiye."

Nilimtazama Tusekile usoni. Alionekana kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, na aliyegeuka kuitika ni mtu mwingine.

Niliwasha kinasa na kamera. "Tusekile, sikiliza vizuri. Unakubali nikuwekee toleo hili, uishi nalo?"

Koo lilicheza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Sawa," ilisema spika. "Asante."

Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Yamebanwa mpaka paji la uso likakunjamana.

"Umesikia mwenyewe," alisema mama yake. "Amekubali."

"Nimesikia spika. Mtazame."

"Macho yanamwasha, hiyo jeli yako."

Nilirudia swali. Spika ikasema sawa, hakuna shida. Macho hayakufunguka, na mguu wake ulikuwa unapiga kikanyagio cha kiti.

Nilielewa kilichokuwa kinatokea. Tusekile wa miaka kumi na miwili alikuwa na zoea moja kubwa kuliko yote: akiulizwa na mtu mzima, anakubali. Kisemeo kilikuwa kimejifunza hivyo vizuri sana. Sasa koo la msichana wa miaka kumi na sita lilikuwa linaanza neno, na mashine inaruka kumalizia kabla hajafika. Hata angepiga kelele, ingetoka sawa.

"Dada," nilisema, "hii sauti haiwezi kukataa."

"Leseni yako inasema sauti au inasema macho?"

"Sauti."

"Basi."

Hakuwa amekosea. Kwa maandishi ya sheria nilikuwa na kila kitu: agizo la mzazi, sauti iliyosajiliwa, neno la kukubali limenaswa. Ningebonyeza mara moja, wangeondoka na mtoto anayeongea, na mkaguzi angenipongeza.

"Sibonyezi," nilisema. "Ukitaka nenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Atakuwekea kabla chai yako haijapoa."

"Una kiburi wewe."

"Ninacho. Lakini kabla hujaondoka nifanyie kitu kimoja. Muulize jambo ambalo unajua kabisa atakataa."

"La nini?"

"Muulize tu."

Alifikiri. Nadhani alitaka kunionyesha kuwa napoteza muda wake, maana alitabasamu kidogo kabla ya kumgeukia mwanawe.

"Tuse. Shangazi yako ana sherehe nyingine mwezi ujao. Tumwazime tena kisemeo chako?"

"Sawa," ilisema spika, kwa upole wa mtoto anayepokea andazi. "Hakuna shida."

Mkono wa Tusekile uliruka ukapiga meza. Kikombe changu kikaenda chini, chai ikamwagika mpaka kwenye viatu vya mama yake. Macho ya msichana yalikuwa yamefumbwa, na spika bado ilikuwa inasema sawa, sawa, hakuna shida, kwa sababu koo halikunyamaza.

Nilichomoa waya.

Mama Tusekile aliinama akaanza kupangusa chai kwa kitambaa chake cha kichwani, ingawa dekio lilikuwa pale pembeni. Alipangusa mahali palepale muda mrefu.

"Miaka ile," alisema akiwa bado chini. "Alivyokuwa ananiambia sawa. Alikuwa anamaanisha?"

"Sijui. Muulize."

Alimtazama binti yake. Tusekile hakuinua nyusi wala hakufumba macho. Alitazama dirishani.

Mama yake alisimama, akakamua kitambaa kwenye ndoo.

"Haya," alisema. "Fanya hilo la bahati nasibu."

Nilimuuliza mwenyewe. Nyusi zilipanda haraka kiasi kwamba kamera karibu izikose. Kwenye kumbukumbu ya kazi niliandika: amekubali kwa uso, si kwa sauti, na sababu yake ni hii. Mkaguzi akija atakuta, na tutazungumza.

4

Walikuja kila asubuhi. Mama Tusekile alikaa kwenye benchi akimenya njegere kwenye ungo, maganda mguuni pake, mpaka ofisi yangu ikawa inanuka shamba. Tusekile alikaa mbele ya mashine akijaribu kusema, nami nikilinganisha.

Kitu cha kwanza kutoka hakikuwa chake. Spika ilikohoa, kisha ikasema kwa sauti nzito ya kiume: "Ndugu wageni waalikwa!" Siku iliyofuata ikaomba makofi kwa bibi harusi. Tusekile alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Kicheko chake hakikuhitaji mashine, kilikuwa kikubwa na cha kukwaruza, na mama yake alisimamisha mikono juu ya ungo akakisikiliza.

Nilikuwa naondoa mshereheshaji kipande kwa kipande. Chini yake kulikuwa na Tusekile: nusu ya neno, mwanzo wa sentensi, "kwa nini" nyingi kuliko kitu chochote. Mama yake alizitambua zile.

Kisha tukakwama. Vipande vilikuwepo lakini koo lilianza kulegea. Mstari wa koo kwenye kioo cha mashine, uliokuwa ukiruka kama mbuzi, ukawa unapanda kidogo na kulala. Mama Tusekile hakuhitaji kusomea kitu ili auelewe.

"Tumechelewa?"

"Bado. Ila tuko karibu."

"Lile la zamani, leo bado linaweza kushika?"

"Leo linaweza. Wiki ijayo siahidi."

Alimtazama mwanawe. Tusekile alikuwa ameshafumba macho kabla ya kuulizwa. Mama akarudi kwenye njegere zake.

Wifi alikuja asubuhi moja ya mvua, na chupa ya maziwa mgando na kitenge kipya kimefungwa kwenye karatasi. Alikuja kuomba radhi. Alianza vizuri. Alisema amekosa, alisema hajalala, alisema anamwomba Tuse asiwe na kinyongo. Halafu hakuweza kuacha.

"Lakini nawe wifi ungesema mapema kuwa kina vitu ndani! Sisi tungejuaje? Mimi nilidhani ni spika tu ya kawaida. Na hata hivyo, tuseme ukweli, shughuli ilipendeza. Watu wa upande wa pili mpaka leo wanaisifia ile sauti. Tuse mwenyewe alikuwa anaona, alikaa kimya tu, hakulalamika, mtoto ana moyo huyu..."

Mstari kwenye kioo uliruka mpaka ukatoka nje ya fremu. Sikuwa nimeona hivyo tangu tuanze. Mashine ilikamata vipande kumi kwa mara moja, ikavipanga, na spika ya mezani ikafunguka.

"Shangazi, nyamaza."

Sauti ilikuwa nzito kuliko ile ya utotoni, na ya kukwaruza kidogo, kama kicheko chake. Katika nyumba nyingi ninazozijua mtoto akimwambia shangazi yake hivyo, kiatu kinaruka. Wifi alimgeukia Mama Tusekile akisubiri kiatu.

Mama Tusekile aliweka ungo chini. "Amekwambia unyamaze," alisema. "Kaa, unywe chai. Maziwa asante."

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kufuata tu. Koo lilikuwa limeona njia. Kabla jua halijapinduka nilimvika kisemeo chake mwenyewe, nikafunga mkanda juu ya alama nyeupe, nikaondoa vihisio.

"Maji," alisema Tusekile. Alipokunywa akamgeukia mama yake. "Ulitaka kuniwekea yule."

"Nilitaka."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naogopa utakosa yote. Na yule hakuwa ananibishia."

"Mimi nakubishia."

"Najua. Nimekaa kwenye benchi hili nimemenya gunia zima nikisubiri ubishi wako."

Tusekile alimrudishia kikombe kitupu.

Nilimweleza hali halisi. Sauti ilikuwa imerudi, lakini ina mashimo. Pale nyimbo zilipokalia maneno, maneno hayapo, na itabidi akifundishe kisemeo upya, neno moja moja, kwa kurudia. Nilimpa kisahani chake cha nakala, nikamwonyesha jinsi ya kukifunga kwa ufunguo wake. Aliuliza kwa nini mara nne. Nilijibu zote.

"Nimechoka," alisema mwishoni. "Twende nyumbani..."

Koo lilicheza mara moja zaidi. Spika ikanyamaza kwa urefu wa neno moja. Alijaribu tena, na shimo likawa palepale.

Niliangalia kioo. "Hilo ni miongoni mwa yaliyokaliwa. Kwenye toleo la zamani lipo, safi. Naweza kulikata kule nikalibandika hapa sasa hivi."

"Neno gani?" aliuliza Mama Tusekile.

"Wewe," nilimwambia. "Neno analokuita: mama."

Alishika ungo wake kifuani. Nilimwona akilitaka, kama mtu anavyotaka maji. Kisha akamtazama binti yake, ambaye hakuwa ameinua nyusi wala kufumba macho, alikuwa anangoja tu.

"Liache huko huko," alisema. "Atalifundisha yeye akiwa tayari."

Tusekile alizungusha kiti, akagonga fremu ya mlango, akarudi nyuma, akanyoosha.

"Twende nyumbani," alisema. Kisha likaja lile pengo.

"Abee," mama yake akaitika, akamfuata nje.